Barua ya wazi kwa wanaoshika takwimu za uhalifu: ramani hizo turudishieni

Kwenu wakuu wa polisi, viongozi wa miji na wilaya, na wote mliokabidhiwa vitabu vya matukio ya uhalifu.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa sababu ya mstari mmoja wa maandishi. Niliusoma katika kitabu cha matukio cha kituo fulani cha polisi, wakati nimepewa kazi ya muda ya kuingiza kumbukumbu za miaka ya nyuma kwenye kompyuta. Ulikuwa umeandikwa haraka haraka kwa kalamu ya bluu: "Ameporwa simu na pochi, ngazi za daraja la waenda kwa miguu, saa 1 usiku, watuhumiwa wawili hawajulikani." Nikauingiza kwenye jedwali, nikafunua ukurasa. Kurasa tatu mbele, mwandiko wa askari mwingine: "darajani, upande wa kushukia." Mbele zaidi, "chini ya daraja." Halafu, "karibu na ngazi." Siku ya tatu nilijikuta nimeacha kuandika, nahesabu.

Katika askari wote walioandika mistari ile sikuona mzembe. Kila mmoja alimpokea mlalamikaji wake, akachukua maelezo, akampa namba ya jalada, zamu ikaisha. Aliyempokea zamu alianza ukurasa mpya. Ardhini matukio yale yalikuwa hatua chache kutoka moja hadi jingine, lakini kitabuni yalitenganishwa na ajali za barabarani, ugomvi wa majirani na vitambulisho vilivyopotea. Kitabu hupanga mambo kwa tarehe. Kibaka wa pale darajani hakuwa na tarehe. Alikuwa na mahali.

Nilipoyaweka yote kwenye ramani, nukta zilirundikana kwenye ngazi hizo hadi zikafunika mchoro wa daraja lenyewe. Nilimpelekea mkubwa wangu wa kazi. Aliitazama kwa muda mrefu, akanipongeza, kisha akaniagiza niihifadhi kwa kuwa ni taarifa ya ndani. Ikahifadhiwa. Mkataba wangu uliisha nikaondoka, na kila nikipita pale jioni naona watu wanapanda ngazi, mkoba begani, simu mkononi, hawana habari. Ofisini kuna anayejua. Mimi najua. Wasiojua ni hao wanaopanda, na miongoni mwao wapo waliosimama kaunta wakatoa taarifa zile zile zilizofungiwa.

Ombi langu kwenu ni hilo, Waheshimiwa: ramani za uhalifu mnazochora, na zile mnazoweza kuanza kuchora kesho kwa kumbukumbu mlizo nazo, ziwafikie watu wanaoishi ndani yake. Kila nukta ni mtu aliyepanga foleni, akasimulia jambo linalomuuma, akatia sahihi. Alitoa kitu. Anastahili kurudishiwa walau picha ya pamoja ya walichotoa yeye na wenzake.

Jambo hili si geni wala si la majaribio. Ufaransa ilianza kukusanya takwimu za mashtaka ya jinai kwa nchi nzima mwaka 1825, na mwaka 1829 André-Michel Guerry na Adriano Balbi walichapisha ramani zilizoonyesha makosa dhidi ya watu, makosa dhidi ya mali na kiwango cha elimu katika kila jimbo. Wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba ujinga ndio mama wa uhalifu. Ramani zikaonyesha kwamba majimbo yenye watu waliosoma zaidi ndiyo yaliyokuwa na wizi mwingi zaidi wa mali. Hakuna aliyelitarajia jambo hilo, na hakuna ambaye angeligundua kwa kusoma majalada moja moja. Karibu miaka 200 imepita tangu hapo. Siku hizi programu ya kuchora ramani ya QGIS hupatikana bure, ramani ya msingi ya OpenStreetMap hupatikana bure, na kompyuta ya kawaida ya ofisini inatosha kuziendesha. Kwa hiyo hoja ya gharama, ambayo nimeisikia mara nyingi, hainishawishi.

Kinachonifanya nisisitize mahali kuliko kitu kingine ni matokeo ambayo yamerudiwa mji baada ya mji. Mwaka 1989 Lawrence Sherman na wenzake walichapisha uchambuzi wa simu zilizopigwa polisi katika jiji la Minneapolis, Marekani. Kiasi cha asilimia 3 tu ya anwani na makutano ya barabara ndicho kilichozalisha nusu ya simu zote. David Weisburd na wenzake wakafuatilia Seattle kwa miaka 14, kuanzia 1989 hadi 2002, kipande kwa kipande cha mtaa, yaani sehemu ya barabara kati ya kona moja na nyingine. Kila mwaka, nusu ya matukio yalitokea kwenye asilimia 4 hadi 5 ya vipande hivyo. Someni takwimu hizo taratibu. Maana yake ni kwamba hata ndani ya mtaa tunaouita mbaya, njia nyingi ni tulivu, na ndani ya mtaa tunaouita mzuri ipo kona moja inayowatoa watu machozi. Tunapotamka jina la mtaa mzima kwa kukunja uso, tunawaonea watu wengi na bado hatuigusi kona yenyewe.

Ndiyo maana ramani ikichorwa vibaya inaudhi kuliko kutokuwa nayo. Nimeshakaa mbele ya hiyo inayoitwa ramani ya joto, yenye rangi za kuanzia njano hadi nyekundu, na najua inavyotengenezwa. Programu humwomba mchoraji achague umbali: kila nukta isambae mita 100, au 500, au 1,000? Ukichagua umbali mfupi, unaona madoa madogo: ngazi za daraja, lango la kituo cha mabasi, uchochoro nyuma ya maghala. Ukichagua umbali mrefu, madoa yanameza kila kitu na mtaa mzima unageuka mwekundu, bila tukio hata moja kuongezeka. Uamuzi huo mmoja, unaofanywa na kijana kwenye kiti kama changu, unaweza kuwabandika maelfu ya watu sifa ambayo haiwahusu. Wekeni umbali huo wazi chini ya kila ramani. Na pale ambapo idadi ya watu hubadilika kati ya mchana na usiku, semeni hivyo. Katikati ya mji huonekana hatari sana ukigawanya matukio kwa idadi ya wakazi wanaolala hapo, wakati mchana hupita watu mara nyingi zaidi ya hao.

Kabla hamjachapisha chochote, rekebisheni saa. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinipata. Askari ameandika "saa 2 usiku", kama sote tunavyosema. Kisanduku cha kompyuta kinadai tarakimu, mwingizaji anaandika 02:00, na kompyuta inaelewa saa 8 usiku. Tukio limesogezwa mbele kwa saa 6. Nilifanya kosa hilo siku mbili nzima, na nilishtuka tu nilipoona jedwali linadai kwamba wizi wa darajani hushamiri usiku wa manane, saa ambayo pale hapana hata mtu wa kuibiwa. Fikirini doria iliyopangwa kwa jedwali lile: askari wanasimama kwenye baridi watu wakiwa wamelala, na wakati wafanyakazi wanarudi nyumbani ngazi hazina askari. Dawa yake ni nyepesi. Fomu iulize saa kama tunavyoisema vinywani, pamoja na asubuhi, mchana, jioni au usiku, kisha programu yenyewe ifanye ubadilishaji. Asiachiwe mwingizaji aliyechoka.

Mahali nako kuna mitego. "Karibu na shule" ni shule ipi, kama ziko nne? Nimeona pendekezo kwamba askari wapewe simu zenye GPS ili mahali pajirekodi penyewe, na nilikubaliana nalo hadi nilipokumbuka kwamba taarifa nyingi hutolewa kaunta. Simu itarekodi kaunta. Baada ya mwezi mmoja ramani itatangaza kwamba kituo cha polisi ndicho mahali hatari kuliko pote. Msicheke, mambo ya namna hii yametokea kwenye miji mikubwa: mwaka 2009 gazeti la Los Angeles Times lilibaini kwamba ramani ya uhalifu ya polisi wa jiji hilo ilikuwa inayarundika matukio iliyoshindwa kuyapatia anwani kwenye sehemu moja karibu na jengo la makao makuu ya jiji, ikaonekana kama vile uhalifu wote umehamia pale. Kosa lilikuwa la programu, lakini macho ya msomaji hayawezi kutofautisha nukta ya kweli na nukta iliyokosa pa kwenda.

Kazi inayohitajika hapa haina fahari yoyote, nayo ndiyo nguzo ya kila kitu. Kila kituo kiwe na orodha ya majina ya mahali kama watu wanavyoyatamka: daraja, kona, mti, kisima, uwanja, kila jina na vipimo vyake vya latitudo na longitudo. Askari aliyekaa miaka 10 kituoni anaweza kuikamilisha kwa wiki chache, akishirikiana na madereva na wazee wa mtaa. Mtafiti Jerry Ratcliffe alipima mwaka 2004 na kuona kwamba angalau asilimia 85 ya matukio yapaswa kupata mahali sahihi ndipo ramani iaminike. Chapisheni asilimia yenu. Ikiwa ni 60, semeni 60, na ramani isubiri.

Nimefika sasa kwenye jambo linalonikosesha usingizi kuliko yote. Katika kitabu kile kile chenye wizi wa darajani kulikuwa na mama aliyekuja kuandikisha kwamba mumewe anampiga. Mahali pa tukio palikuwa nyumbani kwake. Nilishika kipanya, mshale ukiwa juu ya paa la nyumba ile kwenye picha ya setilaiti, rangi ya bati inaonekana, na nikashindwa kubonyeza. Nukta moja tu pale, yenye tarehe na aina ya kosa, na jirani yeyote angejua nani kasema nini na lini. Mumewe angejua wa kwanza.

Kwa hiyo ninapodai ramani ziwe wazi, sidai nyumba ziwe wazi. Wenzetu wamelifikiria hili. Polisi wa Uingereza na Wales, ambao tangu mwaka 2011 huwawekea wananchi ramani za uhalifu ngazi ya mtaa, hawaweki nukta mahali penyewe. Kila tukio husogezwa hadi kwenye pointi iliyoandaliwa mapema, mfano katikati ya barabara, na kila pointi huwakilisha eneo lenye anwani zisizopungua 8, au lisilo na anwani kabisa kama vile bustani au maegesho. Data hutolewa kwa mwezi, bila siku wala saa. Chicago hutoa kumbukumbu za tangu mwaka 2001 lakini anwani huishia kwenye kipande cha mtaa, na siku 7 za mwisho huzuiliwa. Nawaomba mchukue misingi hiyo na muikaze zaidi pale nyumba zinapokuwa zimetawanyika. Anwani 8 katika jengo la ghorofa ni ngazi moja. Kijijini, nyumba 8 ni watu wanaojuana kwa majina ya babu zao, hapo yafaa eneo lipanuliwe hadi kata nzima au zaidi. Makosa ya ndani ya nyumba, ya kingono na yanayohusu watoto yasipewe nukta kabisa kwenye ramani ya umma. Yatolewe kama jumla ya eneo kubwa kwa mwaka, ili wanaopanga huduma wajue ukubwa wa tatizo na mama yule abaki salama.

Daraja ni kitu tofauti. Daraja halina mume. Mahali pa umma pakianikwa, anayeumbuka ni taa iliyoungua.

Ramani hiyo hiyo ina ukimya ndani yake, nao husemwa mara chache. Sehemu isiyo na nukta huenda ni salama, na huenda ni mbali na kituo, au watu wake walishachoka kuandikisha bila kuona matokeo. Daktari wa upasuaji wa kinywa na taya, Jonathan Shepherd wa jiji la Cardiff, Wales, alikerwa na jambo hili: aliwashona watu waliopigwa, na wengi wao polisi hawakuwa na habari zao. Akaanzisha utaratibu ambao nadhani ndio bora kuliko yote niliyosoma. Mapokezi ya dharura hospitalini humwuliza aliyejeruhiwa alipigiwa wapi, lini na kwa kitu gani. Majina huondolewa, kisha orodha ya mahali hupelekwa kwa polisi na baraza la jiji, nao hukutana na watu wa hospitali kuijadili. Doria zikabadilishwa, baa zenye fujo zikafuatiliwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha Cardiff na miji 14 inayofanana nayo, ukakuta waliolazwa kwa sababu ya kupigwa walikuwa pungufu kwa asilimia 42 kuliko ambavyo ingetarajiwa. Hakuna mgonjwa aliyetajwa. Maswali machache tu kwenye dirisha la mapokezi.

Na wananchi wenyewe wameshaonyesha kwamba wakipewa mahali pa kuweka taarifa wataziweka. Januari 2008, vurugu zilipoikumba Kenya baada ya uchaguzi, kikundi kidogo cha vijana wa kompyuta na wanablogu kiliunda ramani ya kupokea taarifa kwa mtandao na kwa ujumbe wa simu, wakaipa jina la Kiswahili: Ushahidi. Programu yake imeshatumika sehemu nyingi za dunia tangu hapo. Misri nako, mwaka 2010, HarassMap ilianza kupokea taarifa za wanawake wanaobughudhiwa barabarani. Sisemi kila ujumbe ukubaliwe ulivyo, maana mtu mwenye chuki anaweza kumchafua jirani kwa kubonyeza mara moja. Taarifa za namna hii zionekane kwa alama yake, tofauti na za kituoni, na zipokee mahali na tendo tu. Jina la mtu lisiingie kamwe.

Najua hofu zenu, maana nimekaa nazo ofisi moja. Mnasema watu watataharuki. Watu wanataharuki zaidi kwa uvumi, na uvumi huwa hauna tarehe ya mwisho wala kipimo. Mnasema wahalifu wataisoma ramani wahame. Wa darajani hawahitaji ramani ya daraja, wanalijua kuliko sisi. Kuhusu kuhama, tafiti nyingi za doria zilizolenga maeneo korofi, ambazo Anthony Braga na wenzake wamezipitia na kuzijumlisha, zinaonyesha kwamba uhalifu hauhamii tu mtaa wa pili kama tunavyodhani. Mara nyingi maeneo ya jirani nayo hunufaika. Tena haihitaji kambi: uchambuzi wa Christopher Koper wa mwaka 1995 ulionyesha kwamba askari akikaa mahali korofi dakika 10 hadi 15 kisha akaendelea na njia yake, utulivu hubaki nyuma yake kwa muda.

Hofu ya tatu hamuisemi kwa sauti, nami naielewa. Mkuu wa kituo anaogopa kupimwa kwa wingi wa nukta zake. New York ilipoanzisha vikao vya CompStat mwaka 1994, chini ya William Bratton na msaidizi wake Jack Maple, makamanda walisimamishwa mbele ya ramani wakahojiwa eneo kwa eneo. Ilileta uwajibikaji ambao haukuwapo. Pia ilileta shinikizo, na maafisa wastaafu waliohojiwa baadaye na watafiti John Eterno na Eli Silverman walieleza jinsi makosa yalivyoshushwa uzito au kukwepwa kuandikwa ili takwimu zipendeze. Hapo ramani inakuwa imekufa, hata kama bado ina rangi. Nukta zikiongezeka pengine wizi umeongezeka, au watu wameanza kukiamini kituo. Mkuu wa kituo aulizwe amefanya nini kuhusu sehemu inayojirudia. Asihukumiwe kwa kuandika ukweli.

Kuna njia moja nawasihi msiifuate, kwa sababu wauzaji wa programu watakuja nayo mlangoni: kuiacha kompyuta itabiri kesho askari waende wapi, au mbaya zaidi, nani atafanya kosa. Los Angeles ilitumia programu ya PredPol kwa miaka kadhaa ikaiacha mwaka 2020. Mwaka huo huo Santa Cruz, mji uliokuwa miongoni mwa wa kwanza kuijaribu, ukapiga marufuku teknolojia hiyo kwa sheria. Ubovu wake si mgumu kuuona. Kristian Lum na William Isaac waliujaribu mwaka 2016 kwa rekodi za dawa za kulevya za jiji la Oakland, Marekani: programu ilirudi tena na tena kwenye mitaa ile ile ambako polisi tayari walikuwa wakikamata watu, ingawa makadirio ya tafiti za afya yalionyesha matumizi ya dawa yameenea mji mzima. Askari wakipelekwa mahali wanaona makosa ya pale, wanayaandika, kompyuta inasoma maandishi yao na kuwarudisha pale pale. Ramani ninayoiomba inaeleza yaliyotokea na mahali yalipotokea. Kumtilia mtu shaka kwa sababu anakaa ndani ya duara jekundu, hapana.

Kando ya kila sehemu korofi, wekeni kilichofanyika. Safu hii moja ikikosekana, ramani inageuka kuwa tangazo la hofu. New York mwaka 2016 iliweka minara ya taa kwenye baadhi ya makazi ya umma yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu na mengine ikayaacha kwa ulinganisho. Makosa makubwa ya nje nyakati za usiku yalipungua kwa kiasi cha asilimia 36 pale penye taa mpya. Kazi kama hiyo haimngoji askari. Ni ya idara ya taa, ya ujenzi, ya anayekata vichaka, na hawa wote hawaingii kwenye chumba chenu cha ramani. Ramani ikiwa wazi, fundi wa taa ataiona. Mwalimu mkuu ataiona, abadilishe saa ya kuwaachia wanafunzi. Dereva ataiona, ashushe abiria upande wa pili wa barabara.

Anzeni padogo. Kituo kimoja, aina tatu za makosa ya mahali pa umma, miezi 12 ya nyuma, ramani moja iliyochapishwa kwa karatasi na kubandikwa ukutani nje ya kaunta, ili asiye na intaneti asimame aisome akisubiri zamu yake. Chini yake kuwe na kisanduku cha kurekebisha makosa, kwa sababu mkazi atakayesema "hapa mmekosea, ni upande ule" anafanya kazi ambayo mimi sikuiweza nikiwa kwenye kiti changu.

Nami naomba kikao cha kwanza kisifanyike ukumbini. Tukutane kwenye ngazi za lile daraja siku ya kazi, saa 1 usiku, ile saa iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu. Aje mkuu wa kituo, aje mtu wa taa, waje wanaopita pale kila siku. Kuna balbu tatu upande wa kupandia, na mara ya mwisho nilipopita iliyokuwa ikiwaka ni moja. Leteni ramani iliyohifadhiwa. Nitakuja na tochi.

Wenu mtiifu,
Mchora ramani